Timu ya vijana ya hoki ya barafuni: ipime kwa robo fainali, usiipime kwa majina

Msomaji mmoja, mzaliwa wa Mombasa anayeishi Ottawa na wanawe wawili, ameniandikia hivi: "Kaka, salamu. Kila Desemba hapa Kanada tunaambiwa timu yetu ya hoki ya barafuni ya vijana chini ya miaka 20 ni ya dhahabu. Mwaka 2024 ilitolewa na Chekia robo fainali. Mwaka 2025, mashindano yakiwa hapa hapa mjini kwetu, ikatolewa na Chekia tena, na wanangu walilia. Mpira wa miguu naujua, lakini huu bado najifunza. Mtu wa kawaida atazame nini kabla mashindano hayajaanza, ajue kama timu ni nzuri kweli au ni majina tu?"

Ndugu yangu, salamu zako zimefika, na pole kwa vijana.

Kabla hujagusa orodha ya majina, itazame kwanza ratiba. Mashindano haya ya dunia huanza Desemba 26 na kuisha mapema Januari, nayo huitwa kwa mwaka wa Januari hiyo. Timu ni 10, zimegawanywa makundi mawili ya timu tano tano. Kila timu hucheza mechi nne, na nne za juu katika kila kundi huingia robo fainali. Maana yake ni kwamba katika timu zote 10, mbili tu ndizo hukosa robo fainali, na hizo mbili huchezeana zenyewe kuamua nani ashuke daraja. Timu kubwa kama Kanada, Marekani au Uswidi ni vigumu mno kuangukia huko. Mechi zao nne za kwanza huamua watakutana na nani baadaye. Mechi inayoweza kuwarudisha nyumbani huja Januari 2: moja, dakika 60 za vipindi vitatu, hakuna marudiano.

Kwa hiyo, kikosi kikitangazwa, mimi hujiuliza jambo moja kisha nalifuata mpaka mwisho: jioni ya Januari 2, mbele ya timu iliyojipanga vizuri nyuma na kipa aliyeamka vyema, vijana hawa watafungaje, na watafungwaje? Mengine yote ninayoyatazama ni njia za kulijibu hilo.

Matokeo ya makundi yamewapotosha watu wengi kwa sababu hayajibu swali hilo. Chukua mashindano ya 2021 kule Edmonton, yaliyochezwa bila mashabiki wakati wa korona. Kanada ilifungua kwa kuichapa Ujerumani 16-2. Watu wakashangilia, lakini siku ile Ujerumani ilikuwa na wachezaji 14 tu mbali na makipa, kwa sababu wenzao walikuwa karantini. Kanada ikaendelea kushinda. Katika mechi sita ilifunga mabao 41, ikafungwa manne. Fainali ikakutana na Marekani, kipa Spencer Knight akafunga mlango, na Alex Turcotte na Trevor Zegras wakaipa Marekani ushindi wa 2-0. Sisemi Kanada ile ilikuwa dhaifu. Ilikuwa timu kali sana. Ila zile mechi sita hazikuwa zimeitia katika taabu ambayo Marekani iliitia, na asiyejaribiwa huwezi kujua atajitetea vipi.

Kinyume chake nacho hutokea. Desemba 28, 2019, kule Ostrava, Kanada ilipigwa 6-0 na Urusi, kipigo kikubwa kuliko chochote ilichowahi kupata katika mashindano haya. Siku nane baadaye ikakutana na Urusi ile ile kwenye fainali, ikawa nyuma 3-1 katika kipindi cha tatu, na ikashinda 4-3 kwa bao la Akil Thomas. Mwaka 2023 ilianza kwa kufungwa 5-2 na Chekia mjini Halifax, ikamaliza kwa kuifunga Chekia hiyo hiyo 3-2 katika dakika za nyongeza za fainali. Ukizilaza safari hizo mbili ubavu kwa ubavu utaona badiliko moja linalojirudia kati ya kipigo na kombe: kipa. Mwaka 2020 Joel Hofer alichukua nafasi ya Nico Daws na akamaliza akiwa kipa bora wa mashindano. Mwaka 2023 Thomas Milic alichukua nafasi ya Benjamin Gaudreau. Milic huyo alikuwa amepitwa katika uteuzi wa NHL, ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini, ambako kila mwaka klabu huchagua vijana kwa zamu. Hakuna klabu iliyokuwa imemtaka mpaka alipovaa medali.

Basi anza na kipa, na ukae hapo muda mrefu kuliko watangazaji wanavyokaa. Hesabu yake ni fupi. Tuseme katika robo fainali timu yako itapigiwa mashuti 25 yanayolenga lango. Kipa anayeokoa asilimia 92 atafungwa mabao mawili. Anayeokoa asilimia 88 atafungwa matatu. Tofauti hiyo kwenye karatasi unaweza kuidharau, lakini ni bao zima, na robo fainali zote mbili zilizowaliza wanao ziliisha kwa tofauti ya bao moja: 3-2 mwaka 2024, 4-3 mwaka 2025. Hakuna mshambuliaji hata mmoja katika kikosi anayeweza kukuhakikishia bao moja kila mechi. Kipa anaweza.

Tatizo ni kwamba asilimia za kipa wa miaka 18 au 19 hazisomeki kirahisi. Anayechezea klabu mbovu hupigiwa mashuti ya karibu na asilimia yake hushuka, ilhali mwenzake aliyekingwa na mabeki wazuri hupanda bila jasho. Ndiyo maana nakushauri umtazame kwa macho. Angalia shuti likimgonga linakwenda wapi. Akitema kisahani, kile kinachochezwa badala ya mpira, mbele ya lango kila mara, hata kama hajafungwa leo, siku atakapokutana na washambuliaji wanaojua kusubiri hapo atalipa. Angalia anavyosogea kutoka mlingoti mmoja hadi mwingine pasi inapokatiza mbele yake: anafika akiwa amesimama imara, au anafika akiwa anaanguka? Halafu angalia dakika tatu baada ya kufungwa bao la kizembe. Vijana wengi hupoteza mechi hapo, kwa bao la pili linaloingia wakiwa bado wanaliwaza la kwanza.

Uliza pia anacheza na nani mwaka mzima. Mwaka 2025 Ufini ilifika fainali ikiwa na Petteri Rimpinen, kijana aliyekuwa anadaka katika ligi kuu ya watu wazima ya Ufini na klabu ya Kiekko-Espoo, na ndiye aliyechaguliwa kipa bora wa mashindano. Hakuwa na jina kubwa Amerika ya Kaskazini. Ila kila wiki alikuwa akipigiwa mashuti na wanaume wenye familia, watu wanaocheza kwa ajili ya mshahara.

Na unapompima kipa wako, mpime na wa mwenzako. Latvia ilikuja Ottawa ikiwa haina mchezaji wa kutisha upande wa mashambulizi. Ilikuwa na Linards Feldbergs langoni. Desemba 27, 2024, Kanada ilimpigia mashuti 57, akaokoa 55, kisha akazima penalti zote za Kanada, na Latvia ikashinda 3-2. Wengi waliita bahati. Lakini katika robo fainali Latvia hiyo hiyo iliishikilia Uswidi mpaka 3-2.

Sasa nije kwenye kikosi chenyewe cha Ottawa, maana ndiko kidonda kilipo.

Timu ile ya kocha Dave Cameron ilichaguliwa kwa mtazamo ulio wazi: watu wa kukaba, watu wa kugombea kisahani kwenye kona, watu wenye miili. Michael Misa hakuwemo. Msimu ule alimaliza akiongoza ligi ya vijana ya Ontario kwa pointi 134, yaani mabao na pasi za mwisho vikijumlishwa. Andrew Cristall, aliyemaliza akiongoza ligi ya vijana ya magharibi kwa pointi 132, naye hakuwemo. Ni kweli hesabu hizo zilikamilika baadaye, msimu ulipoisha, lakini Desemba tayari wote wawili walikuwa wanafunga kwa wingi, na waliochagua walijua. Matokeo unayakumbuka: 4-0 dhidi ya Ufini, kipigo cha Latvia, 3-0 dhidi ya Ujerumani, 1-4 kwa Marekani, na 3-4 kwa Chekia. Mabao 13 katika mechi tano. Kipa Carter George alimaliza mechi mbili bila kufungwa, kwa hiyo lawama haziendi langoni.

Wengi wanasema kosa lilikuwa kuwaacha wafungaji. Mimi nakubali nusu. Kuchagua timu ya kukaba ni mpango halali, na timu nyingi zimetwaa medali kwa kushinda 2-1 na 3-1. Lakini mpango una masharti yake. Ukichagua timu itakayofunga mabao mawili kwa mechi, basi lazima uwe na nidhamu kuliko wote, kwa sababu kila mchezaji wako akipelekwa kibanda cha adhabu umempa mpinzani nafasi ambayo timu yako haiwezi kuilipa. Kanada ya Ottawa iliadhibiwa mno. Ilikuwa imejengwa kwa ajili ya mechi za kubana, kisha ikacheza kwa hasira za timu inayoweza kufunga saba. Huo mgongano kati ya watu uliowachagua na namna wanavyocheza ndio ninaoutafuta kwanza katika kikosi chochote, cha nchi yoyote. Kikosi cha wafungaji kinaweza kuvumilia adhabu. Kikosi cha wakabaji hakiwezi.

Hapa nikueleze jambo kwa sababu umesema unatokea kwenye mpira wa miguu. Kule kadi nyekundu ni tukio la nadra, na timu hubaki pungufu hadi mwisho. Katika hoki, kosa dogo humtoa mchezaji dakika mbili, na hutokea mara kadhaa kila mechi. Kwa dakika hizo mchezo unakuwa watano kwa wanne, na kila timu ina kikundi maalumu cha kushambulia na kingine cha kujilinda. Katika mashindano mafupi kama haya timu inaweza kupata nafasi za namna hiyo 25 hivi ikifika mbali. Ikifunga tano ni asilimia 20, ikifunga saba ni asilimia 28. Tofauti ya mabao mawili tu, na watangazaji watakuambia kikundi cha kwanza kimeshindwa na cha pili ni cha ajabu. Kwa hiyo usiisome asilimia ya mechi tatu za kirafiki. Tazama sura ya shambulio. Kisahani kinazunguka pembeni tu kutoka mkono hadi mkono, au kuna pasi inayolazimisha kipa asogee? Kuna mtu amesimama mbele ya lango akimziba kipa macho? Walinzi wanne wakimfuata mwenye kisahani, anamjua mwenzake aliyebaki peke yake, au anarudisha nyuma kwa hofu?

Ndivyo ilivyo hata kwa yale mashuti 57. Idadi haikuambii yalitoka wapi. Katika mchezo huu mabao mengi huzaliwa katika kipande kidogo cha barafu mbele ya lango, kati ya ile miduara miwili iliyochorwa pande zake. Shuti la kutoka ukingoni, kipa akiwa anakiona kisahani tangu kinaondoka kwenye gongo, ni zawadi kwake. Ukienda uwanjani na wanao, mpe mmoja kazi ya kuhesabu mashuti kutoka kipande hicho peke yake, asihesabu mengine. Mwisho wa mechi karatasi yake inaweza kukuambia kitu ambacho ubao mkubwa haukusemi.

Kuna orodha nyingine ambayo haitangazwi kwa sherehe: orodha ya wasiokuja. Klabu za NHL ndizo zinazoamua kama zitamwachia kijana wao aende. Macklin Celebrini alikuwa bado ana umri wa kucheza Ottawa, lakini alikuwa na San Jose Sharks. Mwaka mmoja kabla, kule Gothenburg, Connor Bedard alikuwa Chicago na Adam Fantilli alikuwa Columbus, wote wakiwa bado na umri. Nchi inayozalisha vipaji vingi zaidi ndiyo inayopoteza wengi zaidi kwa njia hii, na jina la nchi kwenye jezi linabaki lile lile. Kwa hiyo mtu akikuambia "Kanada ni Kanada", muulize ni Kanada ipi: iliyokamilika, au iliyobaki.

Umri nao uangalie kwa makini. Walioruhusiwa kucheza 2025 ni waliozaliwa 2005 au baada ya hapo, na kwa kawaida wenye miaka 19 ndio wanaoyabeba mashindano haya. Kijana wa miaka 17 anaweza kuwa na kipaji kuliko wote uwanjani na bado akasukumwa pembeni na mwenye miaka 19 aliyemzidi kifua. Bedard alipata pointi 23 katika mechi saba mwaka 2023 akiwa na miaka 17, na watu wakaanza kudhani hilo ni jambo la kawaida. Si la kawaida hata kidogo. Gavin McKenna, ambaye kipaji chake hakuna anayekibishia, alikuwa na miaka 17 Ottawa na alifunga bao moja katika mechi tano. Ukiona matumaini ya timu yamewekwa juu ya mabega ya wadogo wawili watatu, punguza matarajio yako kidogo.

Kuhusu takwimu za ligi nitapita haraka. Pointi 60 katika ligi ya vijana ya Kanada na pointi tatu katika ligi ya wanaume ya Uswidi hazipimwi kwa mizani moja. Yule Mswidi huenda anacheza dakika nane kwa mechi dhidi ya watu wa miaka 30. Akirudi kucheza na rika lake, barafu inakuwa pana ghafla. Usimdharau kwa sababu ya namba.

Mazoea ya kucheza pamoja ndiyo kitu ninachoona Wakanada wengi wanakidharau, na hapa Marekani imewapita. Marekani ina mpango wa taifa wa kulea vijana, makao yake Plymouth, Michigan, ambako hukusanya vijana wa rika moja na kuwafanya wacheze kama timu kwa miaka miwili kabla hawajaenda vyuoni. Will Smith, Ryan Leonard na Gabe Perreault walicheza pamoja pale, wakaenda pamoja Boston College, kisha wakavaa jezi ya taifa Gothenburg wakiwa safu moja, yaani washambuliaji watatu wanaoingia barafuni pamoja. Marekani ikaifunga Uswidi 6-2 katika fainali, nyumbani kwa Waswidi. Mwaka uliofuata Leonard alikuwa nahodha na mchezaji bora wa mashindano. Marekani ilikuwa nyuma 3-1 dhidi ya Ufini katika fainali ya Ottawa, ikasawazisha, na ikashinda 4-3 katika dakika za nyongeza kwa bao la Teddy Stiga, mtoto wa mpango ule ule na chuo kile kile. Dhahabu mbili mfululizo, jambo ambalo Marekani haikuwahi kulifanya kabla.

Kanada hukusanya vijana wake kutoka ligi tatu na vyuo, ikawapa siku chache za kambi katikati ya Desemba, ikawapeleka uwanjani. Vipaji vinatosha kabisa. Kinachokosekana ni ile hali ya mchezaji kutoa pasi bila kuangalia kwa sababu anajua mwenzake yupo. Kwa hiyo kikosi kikitoka, tafuta jozi: mabeki wawili wa klabu moja, senta na winga waliokua pamoja, washambuliaji waliokuwa wote katika timu ya chini ya miaka 18. Kikosi chenye jozi tatu au nne za namna hiyo mimi hukipandisha daraja.

Usisahau majeruhi. Ottawa, beki Matthew Schaefer aligonga mlingoti katika ile mechi ya Latvia, akavunjika mfupa wa mtulinga na mashindano yake yakaishia hapo. Miezi sita baadaye alikuwa kijana wa kwanza kuchaguliwa katika uteuzi wa NHL, kwa hiyo unaweza kupima pengo aliloacha. Kabla ya mashindano fanya zoezi hili la huzuni: mwondoe beki bora, mwondoe senta bora, uone nani anaingia na nani anahama. Timu ambayo kumtoa mtu mmoja kunavuruga safu tatu haijakaa sawa.

Ukubwa wa uwanja nao una sehemu yake, ingawa si kubwa kama inavyosemwa. Viwanja vya Amerika ya Kaskazini vina upana wa mita 26 hivi, vile vya kimataifa vya jadi vina 30. Upana ukizidi, beki wa pembeni ana njia ndefu zaidi ya kumfikia mwenye kisahani, na mkimbiaji ananufaika. Upana ukipungua, miili hukutana mapema. Hata nyumbani vijana wa Ice Lions wa Nairobi, waliojifunza mchezo huu katika uwanja mdogo wa hoteli ya Panari, wanajua jinsi barafu ndogo inavyomlazimisha mtu kuamua haraka. Timu ya Ulaya ikija Kanada, tazama mabeki wake wanatoa kisahani nyuma kwa kasi gani. Wakichelewa nusu sekunde wanafikiwa.

Sasa mechi za kirafiki, ambazo ndizo utakazoweza kuziona kwa bei nafuu. Usibebe matokeo. Timu nyingine imeshuka kwenye ndege juzi, makocha wanagawanya muda kati ya makipa, na wachezaji wengine bado wanaogopa kuumia. Beba mambo machache tu. Kipa wa kwanza amekwisha kujulikana, au kocha bado anawazungusha mpaka mechi ya mwisho? Akiwazungusha, mara nyingi ni kwa sababu hajapata anayemwamini. Safu zimebaki zile zile kwa mechi mbili, au kila siku ni mpya? Mchezaji aliyekuwa nyota wa klabu, sasa akiwekwa safu ya nne, anacheza zamu zake za sekunde 40 kwa bidii na kutoka, au anang'ang'ania barafuni akitafuta bao lake? Hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Karibu kila kijana katika kikosi hiki ndiye mkubwa huko anakotoka, na nusu yao wataombwa wafanye kazi ambayo hawajaifanya tangu wakiwa na miaka 12. Wapo wanaoipokea, na wapo wanaonuna.

Ukishamaliza yote hayo, jipe namba, kwa sababu namba itakulinda wewe na watoto. Tuseme umeridhika kwamba timu yako ni bora na unaipa nafasi saba katika kumi kushinda robo fainali. Hiyo ni nafasi kubwa. Lakini ili itwae dhahabu lazima ishinde tatu mfululizo: robo, nusu na fainali. Saba katika kumi mara tatu inakuwa kama moja katika tatu. Yaani hata timu bora kuliko zote, iliyochaguliwa vizuri, mara mbili katika tatu haitaipata dhahabu. Na kutolewa robo fainali miaka miwili mfululizo kwa timu ya namna hiyo kunaweza kutokea mara tisa katika mia. Ni nadra, ila si muujiza. Mwaka 2024 bao la Chekia liliingia zikiwa zimebaki sekunde 11.7, kisahani kikiwa kimemgonga mchezaji wa Kanada njiani. Mwaka 2025 Adam Jecho alifunga ikiwa imebaki chini ya dakika moja. Hakuna kikosi kinachochaguliwa kwa kuzuia kisahani kisimgonge mtu. Ninachoweza kukulaumu ni ukiwaambia watoto kwamba dhahabu ni ya uhakika.

Ila usiitumie bahati kufunika kila kitu. Timu iliyofunga mabao 13 katika mechi tano ilikuwa imejiweka mahali ambapo bao moja la bahati linatosha kuiangusha, na hilo lilionekana kabla ya Januari 2 kwa aliyetaka kuliona.

Desemba ijayo ukipata mechi ya kirafiki karibu na kwenu, nenda na wanao, mkae nyuma ya lango ambalo timu yenu italishambulia vipindi viwili. Mdogo ahesabu mashuti ya kutoka mbele ya lango. Mkubwa aandike namba ya mgongo ya kila anayeadhibiwa na kosa alilofanya: kama ni la kuchelewa kumfikia mpinzani au ni la hasira, maana la kwanza hutibika kwa mazoezi na la pili mara nyingi hurudi. Wewe ngoja dakika tatu za mwisho. Timu ikiwa mbele kwa bao moja, andika watano ambao kocha anawaamini kulinda. Ikiwa nyuma, atamtoa kipa na kuingiza mshambuliaji wa sita, basi andika hao sita. Kisha niandikie majina yao, tuyajadili kabla ya Desemba 26.